Siku Leusa Parri Alipovaa Pete Nyekundu

Wamenisumbua tangu baridi ianze. Kila nikitoka kanisani yuko wa kunishika kiwiko: bibi, tuandikie habari za Leusa Parri, wewe ndiye uliyekaa naye ukuta kwa ukuta. Kwani mimi karani? Kusoma nilifundishwa shule ya Jumapili, kuandika nilijifundisha mwenyewe juu ya vibao, kwa hiyo anayetaka maneno yaliyopambwa aende kwa mchungaji. Mimi nitasema yaliyokuwa. Na asije mtu kunisahihisha kwamba mama yake alimwambia vingine. Mama yake hakuwepo.

Leusa Parri alikuwa mwanamke wa mabwawa. Hapa Amlwch, mji wetu wa bandari kisiwani, ukisema hivyo umemaliza. Mvua inanyesha Mlimani, juu ya mji, inazama kwenye mashimo ya zamani ya shaba, na ikitokea huku chini imekwisha kulewa chumvi ya shaba, buluu kama chupa ya dawa ya kikohozi. Maji yale tunayaingiza kwenye mabwawa ya mawe, tunayatupia vyuma chakavu, mageti yaliyovunjika, mabeseni yaliyotoboka, majembe, vitanda, chochote cha chuma ambacho mtu hakitaki. Maji yanakila chuma polepole, na pale chuma kilipokuwa inakaa shaba. Hakuna moto, hakuna tanuri. Kazi ya watu ni kugeuza vile vyuma kwa uma mrefu, kuvisugua, kukusanya lile tope jekundu na kulianika.

Kazi hiyo Leusa aliianza msichana akaizeekea. Pindo za sketi zake zilikuwa na rangi ya kutu hata za Jumapili, na kucha zake hazikuwahi kuwa nyeupe. Alikuwa mrefu, mgongo kama ubao, na nywele ndefu ambazo mkasi haukuzigusa tangu azaliwe. Alizisuka akazizungusha kisogoni na kuzishika kwa pini za chuma, zile za zamani, ambazo rangi yake nyeusi ilikwisha kutoka. Alikuwa na majivuno, sitaficha. Akisema jambo ni jeupe, basi wewe uliyeliona jeusi ukaoshe macho.

Dirishani kwake kulikuwa na chupa ya maji ya bwawa. Watu walimletea vitu. Kijiko hiki, Leusa, nimeambiwa ni cha fedha, ni kweli? Anakichovya, anasubiri. Chuma kinavaa wekundu. Bati linavaa. Zinki ya mfereji wa paa inavaa haraka hata inageuka matope meusi. Fedha inakaa vile vile, dhahabu inakaa vile vile, zinatoka kama zilivyoingia. Shaba ya manjano ya vitasa vya milango nayo haibadiliki vya kutosha kuonekana, lakini hiyo Leusa aliijua kwa harufu na kwa uzito mkononi, na hakuna aliyewahi kumpitishia kitasa akasema ni dhahabu. Maji hayamjui mtu, alizoea kusema. Ukiwa mchungaji yatakwambia, ukiwa mlevi yatakwambia.

Ndiyo sababu yeye ndiye aliyekuwa akiogesha pete.

Hilo ni jambo letu sisi, wa kuja hulicheka. Zamani baharia mmoja alishuka bandarini akamwoa msichana wa hapa kwa pete ya bati iliyopakwa rangi ya dhahabu, kisha akaondoka na meli. Tangu hapo Jumamosi kabla ya harusi pete hupelekwa bwawani. Bibi harusi anatoa unywele wake mmoja mrefu, pete inafungwa kwenye unywele, mwanamke mzee wa mabwawa anaitumbukiza, na waliopo wanaimba wimbo mmoja wa kanisani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wimbo ukiisha, pete inatolewa. Inatoka kama ilivyoingia, watu wanacheka, wanakwenda kunywa chai. Wazee walikuwa wanafanya kwa mzaha na vijana wanafanya kwa mzaha, lakini sikuwahi kuona mtu aliyekataa kuja.

Sasa Leusa hakuzaa. Mumewe Huw alifariki mapema, akamwachia nyumba, kondoo wachache na pete yake kidoleni. Mtoto aliyekuwa akiingia na kutoka mle ndani alikuwa Luned, binti wa kaka yake Rhisiart. Leusa alimsuka nywele yule mtoto tangu hajaota meno ya pili. Jioni wakikaa karibu na moto ungesikia kuta zikipitisha sauti: tulia, Luned; unaniumiza, shangazi; tulia basi. Nywele za Luned zikawa ndefu hata akakalia ncha zake, na Leusa alizijivunia kuliko mwenyewe.

Luned alipokua alipata kazi Bangor, bara, ng'ambo ya daraja, duka la vitambaa. Huko akakutana na Ithel Morus, kijana wa machimbo ya vibao vya paa kule Bethesda. Kijana mpole, mabega mapana, vumbi la mawe halitoki masikioni. Akaja kujitambulisha, akala kwa Rhisiart, akasifu viazi, hakuna aliyemwona na kasoro ila kwamba ni mtu wa bara na si wa kisiwani. Harusi ikapangwa.

Wiki ya harusi Luned akashuka kwenye treni nywele zimekatwa usawa wa masikio.

Ilikuwa ndiyo mtindo wa miaka ile, wasichana wote wa madukani walikata. Leusa alimtazama mlangoni, hakumwambia karibu.

"Umeziuza?"

"Nimezikata tu, shangazi. Zilikuwa zinanichosha kichwa."

"Mimi kichwa changu kimebeba zangu mpaka leo na hakijalalamika."

Luned akacheka, akambusu shavuni, akadhani yamekwisha. Hayakwisha. Leusa alikula chakula cha jioni bila kusema, na ukimjua Leusa ulijua kwamba hapo anaongea sana.

Jumamosi tukapanda bwawani. Alikuwepo Rhisiart na mkewe Catrin, mwanamke mdogo wa umbo mwenye ulimi mkubwa. Alikuwepo mzee Wmffra, msimamizi wa mabwawa, ambaye hakuna jambo alilolikuta asilitanie. Majirani kadhaa, na mimi. Ithel alitoa pete kwenye mfuko wa kizibao, imefungwa kitambaa. Akaeleza kwa haya kwamba ni ya mama yake. Mama yake mjane aliivua kidoleni mwenyewe akampa, kwa sababu pete aliyoweza kununua isingekuwa nzuri kama ile.

Leusa akanyoosha mkono kwa Luned. "Unywele."

Luned akang'oa mmoja. Ulikuwa mfupi, haukuzunguka hata kidole. Akang'oa wa pili, sawa na wa kwanza. Wmffra akasema kama ni haja ya nywele achukue ndevu zake, zina urefu na hazina kazi. Watu wakacheka. Catrin akachomoa uzi wa sufu kwenye shali yake, akasema, wifi, uzi ni uzi, fanya tuteremke, upepo huu unapenya mifupa.

Hapo ndipo angetwaa ule uzi. Mikono ilikuwa imekwisha kunyooka, uzi uko mbele yake. Lakini Leusa alimtazama Luned, akapeleka mkono kisogoni, akachomoa pini.

"Kama bibi harusi hana nywele," akasema, "itatosha pini ya mwenye nazo."

Akaipinda pini ikawa ndoano, akatundika pete, akaitumbukiza. Tukaimba. Luned aliimba macho chini, uso umemwiva, na Ithel alimshika mkono. Wimbo wenyewe mrefu, na upepo ulikuwa unachukua nusu ya maneno.

Pete ikatoka nyekundu.

Pini ilikuwa nyekundu, hiyo tuliijua, chuma ni chuma. Lakini pete nayo ilikuwa nyekundu, hasa pale ilipogusana na pini, na kuzunguka mpaka nusu nyingine ikawa na rangi ya mbweha. Wmffra alivua kofia, sijui kwa nini, kama mtu aliyepita mazishi. Catrin ndiye wa kwanza: bati, akasema, kwa sauti ndogo, na kutoka kwa Catrin sauti ndogo inatisha.

Ithel akaichukua mkononi mwa Leusa. Akaisugua kwa kidole gumba, na chini ya wekundu njano yake ikang'aa tena.

"Mama yangu aliivua kidoleni, mama Leusa," akasema. "Aliivua akilia."

Leusa angeweza kunyamaza. Angesema tutazame tena. Alichosema ni hiki:

"Basi na yeye alidanganywa."

Kijana hakukasirika kwa kelele. Aliifunga pete kwenye kitambaa chake, akairudisha mfukoni, akavaa kofia, akatutakia sote mchana mwema kama anayetoka kunywa chai. Luned alimfuata mpaka kwenye geti. Walisimama pale kitambo. Baadaye tulijua alichomwambia: kwamba yeye anamtaka leo kama alivyomtaka jana, lakini hawezi kumleta mama yake kukaa kanisani na watu waliomwita mke wa bati. Neno liondolewe kwanza. Luned akarudi, akampita shangazi yake kama anayepita nguzo, na Jumatatu akapanda treni kwenda kazini kwake Bangor.

Basi harusi haikuwa. Catrin siku ya kwanza alimshukuru Mungu na Leusa kwa kumwokoa binti yake. Siku ya pili akakumbuka mikate ya zabibu kavu aliyoioka, meza nzima. Akaja nayo kwa Leusa mmoja baada ya mwingine, anauweka mezani. Huu nao, wifi, wa kwako. Kula, wifi, wewe ndiye uliyeshinda. Leusa alikula. Hakuwa mtu wa kuacha chakula kwa sababu ya maneno.

Lakini kitu kilimkaa rohoni, na kilimkaa kwa sababu ya kazi yake. Asubuhi moja alikuwa anageuza vyuma bwawani akavuta msumari wa geti. Ulikuwa mwekundu mzima. Akausugua kwa kidole gumba, bila kufikiri, namna alivyosugua misumari maisha yake yote, na chini ya wekundu msumari ulikuwa umeliwa, una vishimo, umekonda. Akasimama nao. Chuma kinachovaa wekundu kinalipa kwa mwili wake. Ile pete ya baharia, ambayo mama yake alimwonyesha akiwa mdogo, ilikuwa imeng'atwa kama kipande cha jibini kilichokutwa na panya. Na pete ya Ithel? Aliisugua ikang'aa. Hata zile alama ndogo za sonara kwa ndani zilikuwa kali kama zimegongwa jana. Aliziona. Alikuwa ameziona palepale na mdomo ukatangulia.

Akautupa msumari majini akaendelea na kazi. Siku hiyo alimgombeza Wmffra kwa sababu ya koleo lililokuwa mahali pake.

Alibishana na nafsi yake siku kadhaa. Nilimsikia ukutani akitembea. Alisema labda pete iliwekwa dhahabu nene juu. Alisema labda maji ya siku ile yalikuwa makali baada ya mvua. Kisha jioni moja akabisha hodi kwangu akaomba sabuni, ya kwake imekwisha. Nikamuuliza ya nini saa hizi, akasema ya kuoshea, alidhani ya kulia mkate?

Aliitaka kwa kidole chake. Pete ya Huw ilikuwa haijatoka pale tangu kanisani, kiungo kimevimba juu yake kwa baridi ya mabwawa. Aliipaka sabuni, akaizungusha, akaivuta na ngozi. Ilipotoka kidole kilikuwa na mfereji mweupe. Pete ile ilikuwa imeogeshwa mbele ya watu kwa unywele wake mwenyewe, na ilitoka safi, hata marehemu Huw alikuwa akiwatania wenzake kwamba yeye ana hati kutoka kwa maji.

Aliteremsha chupa dirishani. Akang'oa unywele, mweupe sasa, akafunga pete, akaitumbukiza, akauimba ule wimbo peke yake jikoni mpaka mwisho. Pete ikatoka kama ilivyoingia.

Akachomoa pini kisogoni, akaikwangua kwa kisu iwe chuma kitupu, akaipinda. Akatundika pete, akaimba tena.

Ikatoka nyekundu.

Alichukua kijiko cha fedha cha mama yake, kile ambacho alikuwa amekijaribu mara nyingi mbele ya watu. Kwa uzi, hakuna kitu. Kilipogusana na pini, kikavaa wekundu mpaka shingoni. Akakaa kitini. Mwalimu wa hapa alinieleza baadaye kwamba chuma na dhahabu vikishikana ndani ya maji yale, chuma kinaliwa kwa niaba ya vyote viwili, na shaba inapanda juu ya chochote kinachoshikana nacho. Leusa hakuhitaji mwalimu. Yeye aliniambia kwa njia yake: pini ndiyo iliyokuwa inailisha pete. Maji hayakusema uongo, alisema, mimi ndiye niliyeyauliza na mtu wangu pembeni, yaani pini.

Asubuhi alivaa kofia nyeusi ya kanisani. Pete alikuwa ameisugua kwa jivu akaivaa, chupa akaifunga kwenye shali, akaniambia nimwangalizie kuku. Nikamuuliza anakwenda wapi. Bethesda, akasema. Yule mwanamke hakuwahi kuvuka daraja. Kisiwa kilimtosha, aliona bara ni mahali watu wanakwenda wakikosa kazi au akili.

Ndani ya treni alikaa wima, chupa juu ya mapaja, na ilipovuka daraja alifumba macho mpaka sauti ya chuma ikaisha. Bwana mmoja mwenye mwavuli akamuuliza kama ile buluu ni dawa. Akamjibu ndiyo, ni ya kiburi, inanywewa na mwenye nacho. Bwana yule akasogea dirishani.

Sabel Morus, mama yake Ithel, alikaa kwenye mtaa wa juu kule, nyumba zilizobanana na ua wa vibao vya mawe. Alikuwa anamenya viazi mlango wazi. Mwanamke mnene, mtulivu, macho ya kijivu. Leusa akajitaja jina. Sabel hakuacha kumenya.

"Nilidhani wewe ni mrefu zaidi," akasema. "Ithel aliporudi alikueleza kama mnara."

Hakumwambia keti. Leusa akasimama. Akaona kwenye kabati la sahani kikombe kisicho na mkono, na ndani ya kikombe pete. Akaona kidole cha Sabel, na alama nyeupe pale pete ilipokaa. Ile pete ilirudi, na mwenyewe hakuivaa.

"Mbona huivai?"

"Kitu kilichosemwa sikivai. Ili ainunue, mume wangu alichimba mawe majira mawili ya baridi akiwa na viatu vya kuazima. Akafa chini ya jiwe. Sasa kila nikiitazama naona uso wa mwanamke nisiyemjua ananiambia nimedanganywa." Akatupa kiazi majini. "Nimekwisha kukuona. Sasa nitakuwa naona uso wenyewe."

Leusa alifungua shali akaweka chupa mezani, kati ya maganda. Akaomba sabuni. Sabel akanyanyua macho kwa mara ya kwanza, akampa. Leusa akavua pete ya Huw, akaieleza: hii iliogeshwa mbele ya watu, ikatoka safi. Hii ni pini ile ile niliyotumia kwa ya kwako, nimeikwangua tu. Tazama.

Akaitumbukiza. Hakuimba, alisema jikoni mwa mtu huimbi bila kuombwa. Walisubiri wote wawili, maji ya viazi yakitulia. Wekundu ulianza pale pini iliposhika, ukatambaa. Akaitoa akaiweka juu ya meza, nyekundu, mbele ya Sabel.

"Kumbe hata wako alikuwa wa bati," Sabel akasema.

"Hakuwa."

"Najua. Nimetaka tu usikie linavyosikika."

Leusa alilisikia. Alisema, na neno hilo naliandika kama alivyonipa, kwa sababu sijawahi kumsikia akilitoa kabla wala baada: "Nimekosa, mama Ithel. Nilikasirikia nywele za mtoto nikaiadhibu pete yako."

Sabel akafuta mikono kwa aproni. Leusa alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kwenye majivu ya meko ili aisafishe pete yake, na pia akatoa unywele, akasema sasa tuitumbukize na ya kwako kwa unywele, uone mwenyewe. Sabel akamshika mkono, si kwa nguvu.

"Ya kwangu haiogi tena. Wala hapa wala kwenu. Mimi sina haja ya kuambiwa na maji."

Leusa, mtu mwenye chupa, aliyesafiri mpaka bara, na kilichobaki ni kuthibitisha, ilimuuma kuacha. Akaiziba chupa.

"Na hiyo yako usiisugue," Sabel akaendelea. "Ivae hivyo hivyo. Ukienda dukani, ukienda kanisani, ivae. Ikififia, itie tena. Akikuuliza mtu, mwambie. Siku utakayokuwa umewaambia wote waliokuwepo bwawani, na wale walioambiwa na waliokuwepo, nitaleta pete yangu na mwanangu."

Ndipo akamwambia keti, akatia chai.

Sasa ninyi mliomjua Leusa hebu fikirini. Mwanamke ambaye watu walimletea vijiko avihukumu, anatembea Amlwch na pete ya Huw ina rangi ya geti la shamba. Jumapili ya kwanza aliingia kanisani bila glavu, akaweka mkono juu ya kitabu cha nyimbo pale kila mtu anapoona. Nje ya kanisa Wmffra hakuweza kujizuia.

"Leusa, naona marehemu alinunua kwa fundi wa masufuria."

"Ni pini yangu, Wmffra. Ile ya siku ile. Pete ya kijana ilikuwa dhahabu na mimi nilikuwa mjinga. Kamwambie mkeo, unipunguzie kazi."

Wmffra aliniambia alijiandaa kwa jibu lolote ila hilo.

Akaendelea hivyo, duka kwa duka. Mwuza nyama aliuliza, akaelezwa. Mke wa mwuza nyama alijifanya hakuona, naye akaelezwa. Catrin alisikia habari yote jikoni kwake amesimama na ufagio, na ilipokwisha akasema, wifi, nitaoka upya, lakini safari hii unga ni wako. Pete ilipofifia Leusa aliitia tena kwa pini, jioni, dirishani pake, na hakuna aliyekuwa anamchunga. Angeweza kuiacha ifutike polepole. Sabel alikuwa mbali kule ng'ambo. Hakuiacha.

Luned alikuja siku ya mapumziko, hakutuma habari. Alimkuta shangazi yake anavua viatu. Akautazama mkono ule muda mrefu. Hakulia wala hakumkumbatia, alitia birika motoni. Akamletea kikombe, akageuza kile kidole kwenye mwanga.

"Huku chini imefifia, shangazi. Ukiitia, izungushe."

"Nifundishe kazi yangu."

"Mtu akikosa si lazima afundishwe?"

Nikasikia kicheko ukutani, vicheko viwili, nikajua yamekwisha. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu akate nywele, Luned alikaa chini mbele ya kiti cha Leusa, na Leusa akazichana zile fupi kwa kitana. Hazikuwa na kitu cha kusuka. Alizichana tu.

Harusi ilikuja majira ya majani mapya. Sabel alishuka kwenye treni na kofia mpya na Ithel nyuma yake amebeba mfuko. Pete iliingia kanisani kavu, haikupita bwawani, na kwetu lilikuwa jambo la kwanza kusikika. Wazee walinung'unika kidogo. Leusa akawageukia akawauliza ni nani kati yao anataka kuisikia habari ya pini tena, maana anayo tayari.

Sabel na Leusa walikaa benchi moja, mbele. Kabla ya wimbo wa kwanza Sabel akatoa mfukoni kitambaa, amefunga ndani yake jivu la meko yake kutoka Bethesda. Akauchukua mkono wa Leusa akauweka mapajani pake, mbele ya kanisa zima, akaisugua ile pete taratibu, pande zote, mpaka ikawa njano. Kisha akalikung'uta jivu, wakafungua kitabu kimoja wakaimba. Leusa alikuwa anaitazama pete, kwa hiyo Sabel aliimba kwa wote wawili.

Leusa aliendelea kuogesha pete za watu mpaka mikono ikamkataa. Kwa nyuzi za sufu, na alikuwa akiivuta shali ya yeyote aliyekuwa karibu bila kumwomba. Pini zote alizivua kwanza akampa mtu azishike mbali. Tulipomwosha mimi na Luned ili azikwe, tuliona ndani ya pete, kwenye kona ya alama za sonara ambako kitambaa hakikufika, kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Luned alichukua jivu. Kisha akaliacha.

Nimeandika. Sasa na wewe uliyesoma una kazi. Siku ya maziko chupa ya buluu iliondoka dirishani kwa Leusa, na haikutembea yenyewe. Ni chupa nene, mdomo umemeguka upande mmoja, chini ina shapo jekundu la miaka yote ile. Iko kwa mtu hapa Amlwch, labda kwako, labda kwa mama yako, mmeweka maua. Itafute. Ilete kwangu nyumba ya pili kutoka kona, wala usiimwage njiani, na usiingie na pini kichwani.